Uzi: Kutambua Armillaria, uyoga wa kahawia wenye magamba usiotulia sura

Kisiki_Kibichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mvua zikishika, picha za uyoga wa kahawia wenye magamba zinamiminika humu, zote zimepigwa kwa juu, na swali ni lile lile: huu ni upi? Kwa picha ya kofia peke yake hakuna jibu la kuaminika. Nafungua uzi huu kuhusu jenasi moja tu, Armillaria, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi, inaua miti na chai, na ina mifano yake yenye sumu kali.

Kwanza muelewe kwa nini sura yake haitulii. Chukua fungu moja lililotoka kwenye kisiki kimoja. Uyoga mchanga una kofia ya mviringo, kahawia iliyoiva, magamba yamesongamana. Uliokomaa pembeni yake umefunguka ukawa bapa, umepauka kuelekea rangi ya asali, magamba yamebaki katikati tu. Ule ulionyeshewa usiku kucha unaweza kukosa magamba kabisa, maana yamekaa juu ya ngozi ya kofia na maji huyaondoa. Upana unaanzia sentimita 3 hadi 15. Rangi hutoka njano ya asali, hupita kijani cha zeituni na kahawia nyekundu, hadi kahawia inayokaribia nyeusi.

Wataalamu wenyewe walihangaika nayo. Mtaalamu wa mimea Vahl aliiandika Denmark mwaka 1790, Kummer akaihamishia Armillaria mwaka 1871 kwa jina Armillaria mellea, na kwa zaidi ya karne moja karibu kila uyoga wa aina hii wenye pete (ukanda unaozunguka mguu) ulitupwa chini ya jina hilo hilo. Mwaka 1978 Kari Korhonen wa Finland alizikutanisha nyuzi za kuvu kwenye vyombo vya maabara aone zipi zinazaliana na zipi zinakataana. Zilitoka spishi tano Ulaya peke yake. Mwaka uliofuata Anderson na Ullrich walipata kumi Amerika Kaskazini.

Kwa hiyo anzeni chini, mpande juu. Msikate uyoga kwa kisu usawa wa ardhi. Chimbueni mpaka muone umetokea wapi: kwenye mzizi, kisiki, shina la mti ulio hai, au udongo mtupu. Armillaria inakula mti. Hata ukiuona umesimama kwenye majani makavu, ukifukua utakuta mzizi uliozikwa. Baada ya hapo angalia mguu wa uyoga, kisha pete, kisha matamvua (zile kuta nyembamba zilizopangana chini ya kofia), kisha chapa ya spora (unga wa mbegu unaoangushwa na matamvua). Kofia iwe ya mwisho.

Sifa zinazotakiwa zikutane pamoja: mguu una nyuzinyuzi, mgumu kwa nje, rangi imekolea kuelekea chini, kuna pete, au angalau mabaki yake, matamvua meupe au rangi ya maziwa, yanayopata madoa ya kutu yakizeeka, na yameungana na mguu au yanateremka kidogo juu yake, chapa ni nyeupe hadi maziwa hafifu. Sifa moja ikikataa, simama hapo hapo.

---

Spora_Nyeupe

Uzi mzuri mkuu. Naongezea kwenye chapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea halafu wanalaumu uyoga.

Chagua kofia iliyofunguka lakini haijaanza kulegea. Kata mguu usawa wa matamvua. Weka kofia, matamvua yakitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi. Kipande cha kioo ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kukihamisha juu ya rangi yoyote na kukwangua spora baadaye. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli, acha saa 4 hadi 12 mahali pasipo na upepo. Soma rangi kwa mwanga wa mchana. Balbu ya njano itakudanganya.

Chapa ikikosekana, sababu kwa kawaida ni hizi: kofia ni changa mno na utando unaofunika matamvua haujapasuka, imekauka njiani, ilikaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari lenye joto, au spora zimeanguka lakini ni nyeupe juu ya karatasi nyeupe na wewe huzioni. Hii ya mwisho ndiyo inayotokea sana.

Halafu kuna chapa ya bure ambayo wengi wanaipita. Armillaria inapotoka kwa mafungu, kofia hupandana. Inua kofia ya juu taratibu, tazama mgongo wa ile iliyo chini yake. Utakuta unga mweupe umetanda juu ya magamba ya kahawia, umeishia pale pale ukingo wa kofia ya juu ulipokuwa. Pitisha kidole uone kama unatoka. Ukiwa rangi ya kutu badala ya nyeupe, mnachokitazama siyo Armillaria, na inawezekana ni Galerina marginata, ambayo ina amatoksini, sumu ile ile ya uyoga wa kuua Amanita phalloides.

---

MajiYaMto

Mkuu Spora_Nyeupe, sasa nikipata unga mweupe si nimemaliza? Galerina imeondoka.

---

Daktari_wa_Misitu

Hapana ndugu yangu, hujamaliza. Tena hapo ndipo pa hatari zaidi.

Kuna Lepiota ndogo ndogo zenye kofia ya magamba ya kahawia na chapa nyeupe, na baadhi yake, kama Lepiota brunneoincarnata, zina amatoksini. Mtu aliyeshika kanuni moja tu ya "nyeupe ni salama" ataingia humo moja kwa moja. Tofauti iko kwenye matamvua na mahali pa kuota. Pasua uyoga wima katikati, kofia mpaka mguu. Kwenye Lepiota matamvua yanaishia kabla ya kufika mguu, na pengo unaliona wazi. Kwenye Armillaria yamegusa mguu. Lepiota hutoka kwenye udongo na majani yaliyooza, haina kifungu cha miguu iliyoungana kwenye mti.

Kwa Afrika Mashariki ongezeni hizi ambazo vitabu vya Ulaya havizipi uzito:

Chlorophyllum molybdites ni uyoga mkubwa, kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia katikati, pete inayoweza kusogezwa juu na chini ya mguu. Unaota kwenye nyasi za uwanja na malishoni. Ukiwa mchanga matamvua ni meupe, na hapo ndipo unapowanasa watu. Ukikomaa yanageuka kijani-kijivu na chapa ni ya kijani. Kutapika na kuharisha huanza ndani ya saa chache.

Uyoga wa vichuguu, yaani Termitomyces, baadhi yake una magamba ya kahawia, kwa mfano T. schimperi. Chapa yake ni ya waridi, na mguu unaendelea chini ya ardhi mpaka kwenye bustani ya mchwa. Ukichimba ukakuta mti badala ya kichuguu, achana na jina la Termitomyces.

Lentinus squarrosulus hutoka kwenye magogo, una magamba na chapa nyeupe. Lakini nyama yake ni ngumu ya kutafunika kwa shida ukikomaa, hauna pete, na ukingo wa matamvua umechongoka meno madogo. Hayo meno yanaonekana kwa jicho ukiinamisha kofia juani.

Gymnopilus nayo inakaa kwenye magogo, kahawia ya machungwa, chungu sana, chapa ya kutu iliyochangamka. Pholiota squarrosa ya Ulaya na Amerika ina magamba makavu yaliyosimama kofiani na mguuni, chapa ya kahawia.

---

Chai_Milimani

Wakuu, niwarudishe mashambani kidogo. Yote mliyosema ni kweli uyoga ukiwepo. Huku kwenye nyanda za juu za chai, Kericho na Limuru zikiwemo, uyoga wenyewe hauonekani mara nyingi. Mkulima akisubiri kofia itoke ndipo aseme ana Armillaria, mstari mzima wa chai utakuwa umeshakauka. Tambueni kwa kuvu yenyewe.

Kichaka kinaanza na majani ya njano, machipukizi yanadumaa, wakati mwingine kinatoa maua mengi kuliko kawaida. Kisha kinakauka ghafla na majani yaliyokufa yanabaki yamening'inia. Fukua udongo shingoni mwa kichaka kwa sentimita 10 hadi 15. Kwenye chai mara nyingi utakuta gome limepasuka kwa urefu kuanzia chini kupanda juu. Ingiza ncha ya kisu kwenye ufa, inua gome. Kati ya gome na mbao kuna utando mweupe uliosambaa kwa umbo la upepeo wa mkono, unabanduka kwa vipande vizima, na unanuka uyoga mbichi, harufu nzito kabisa. Huo utando ndio cheti chenu.

Msiuchanganye na hivi: Rosellinia, kuvu nyingine ya mizizi, nayo ina nyuzi nyeupe chini ya gome, lakini zinakaa kwa umbo la nyota juu ya mbao, na mizizi kwa nje ina nyuzi nyeusi. Hypoxylon, kuvu ya kuozesha mbao, huanzia juu kwenye matawi na inaacha mabaka ya kijivu hadi meusi juu ya gome, haina utando unaobanduka. Ukungu wa kawaida chini ya gome la mti uliokwisha kufa ni unga, hauinuki kwa kipande.

Pia msitafute zile kamba nyeusi zinazosifiwa kwenye maandishi ya Ulaya, zinazofanana na kamba za viatu. Armillaria ya Afrika ni nadra kuzitoa ardhini. Inapita mzizi kwa mzizi, unaougua ukigusana na mzima. Ndiyo maana vifo vinatokea kwa duara linalopanuka, na katikati ya duara karibu kila mara kuna kisiki cha mti wa msitu au mgrevilea uliokatwa zamani.

---

MajiYaMto

Dada Chai_Milimani, vipeperushi vya zamani vya chai vinaandika Armillaria mellea. Ndiyo hiyo?

---

Chai_Milimani

Jina hilo ni la enzi zile za kila kitu kuitwa mellea. Kwa Afrika kusini mwa Sahara majina mawili ndiyo yanayotajwa sana. A. fuscipes iliandikwa na mtaalamu Petch huko Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1909. A. heimii ni ya Pegler, 1977, alipoandika uyoga wa Afrika Mashariki. Mpaka kati ya hizo mbili una utata hadi leo: kuvu wa misindano wa Afrika Kusini waliokuwa wakiitwa heimii, vinasaba vilionyesha ni fuscipes. Zote mara nyingi ni ndogo kuliko ndugu zao wa Ulaya. Mtu akikwambia ametofautisha mbili hizi kwa kutazama magamba, mwambie alete vinasaba.

Mellea halisi ipo Afrika, lakini Cape Town, kwenye bustani ya zamani ya Company (Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki). Watafiti waliitambua mwaka 2001, na wanaona ililetwa na walowezi wa Kidachi pamoja na mimea ya vyungu.

---

Baridi_ya_Kaskazini

Kwa wenzetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, huko spishi zinaweza kukisiwa kwa jicho, mradi uwe na uyoga wa rika tatu kutoka fungu moja: mchanga ambao utando wa matamvua haujapasuka, wa kati, na mzee. Ukiwa na rika moja tu, andika Armillaria sp. na uishie hapo. Hakuna aibu katika hilo.

A. mellea: kofia ya asali au zeituni, magamba machache, pete nene ya maziwa yenye ukingo wa njano, miguu mingi imechongoka chini na kuungana pamoja. Hupenda miti ya majani mapana.

A. ostoyae: kahawia iliyoiva, magamba meusi mengi, na pete nyeupe iliyo na vipande vya kahawia nyeusi upande wake wa chini. Geuza pete uone. Ndiyo alama yake bora. Hupenda misindano na jamaa zake.

A. gallica: mguu umevimba chini, pete ni nyuzi tu zinazotoweka haraka, hutoka mmoja mmoja au wachache kutoka mbao zilizozikwa, na kamba nyeusi zimejaa udongoni. Huyu mara nyingi hushambulia mti uliokwisha kudhoofika.

A. cepistipes na A. gallica hufanana kiasi kwamba hata mwenye uzoefu huomba maabara. Isiyo na pete kabisa, iliyokuwa A. tabescens, tangu 2017 iko kwenye jenasi yake, Desarmillaria.

Kofia hizi ni tunda dogo tu la kitu kikubwa kilicho ardhini. Ile A. gallica ya Michigan iliyotangazwa 1992 ilipimwa hekta 15. Utafiti wa 2018 uliitaja kuwa ya angalau hekta 37 na umri wa angalau miaka 2,500. A. ostoyae ya msitu wa Malheur, Oregon, imeenea hekta 965. Kwa hiyo uyoga uliotoka umbali wa mita mia mbili na wenye rangi tofauti unaweza kabisa kuwa kiumbe kimoja.

---

Taa_ya_Jioni

Wakuu, mwanga wa gizani ni kipimo halali?

---

Spora_Nyeupe

Ni halali kama nyongeza, siyo kama hukumu. Kinachong'aa ni nyuzi za kuvu ndani ya mbao. Kofia ya Armillaria haing'ai. Chukua kipande cha mbao mbichi yenye utando hai, kiwe na unyevu na kipate hewa, ingia chumba chenye giza totoro, zima simu, kaa dakika 15 hadi 20 macho yazoee. Mwanga ni hafifu, wa kijani-samawati. Mbao ikikauka au ikifungwa kwenye plastiki hakuna kitu. Na wapo kuvu wengine wanaong'aa, kwa hiyo mwanga pekee hautoi jina.

---

Mpishi_wa_Nyikani

Nauliza moja kwa moja: unaliwa?

---

Daktari_wa_Misitu

Unaliwa sehemu nyingi za dunia, na nitakujibu kwa uangalifu kwa sababu kuna watoto mezani.

Mbichi au ulioiva nusu unasumbua tumbo. Walao huchukua kofia changa tu, huzichemsha kwanza dakika 10 hadi 15, humwaga yale maji, kisha ndipo hupika. Hata hivyo baadhi ya watu tumbo huwakataa, kwa hiyo mara ya kwanza ni kipande kidogo, na uyoga mmoja mbichi unahifadhiwa kwa ajili ya utambuzi endapo mtu ataugua.

Lakini kuchemsha hakuondoi amatoksini. Wala kukausha, wala chumvi, wala kutumbukiza kijiko cha fedha au kitunguu saumu. Galerina inaweza kuota kwenye gogo moja na Armillaria, miguu ikigusana, kwa hiyo fungu halichumwi kwa kukumbatia. Kila uyoga unageuzwa, unatazamwa mguu na matamvua, mmoja mmoja. Asiyeweza kufanya hivyo asichume.

Dalili za amatoksini huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24. Kunafuata kutapika na kuharisha sana, halafu nafuu ya siku moja hivi ambayo ni ya uongo, wakati ini linaharibika. Aliyetapika saa nyingi baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, pamoja na mabaki ya uyoga na ya chakula.

---

Bwana_Miti

Naunga mkono yote hapo juu. Kwa wenye mashamba, kutambua kuna faida ukichukua hatua. Kung'oa kichaka kilichokufa na kuacha mizizi yake ardhini ni kuilisha kuvu. Ng'oeni na mizizi yote yenye unene wa kidole kwenda juu, pamoja na vichaka vya jirani vinavyoonekana vizima lakini vina utando shingoni, kisha mchome papo hapo. Msiiburute kupita katikati ya shamba.

Kabla ya kufyeka msitu au miti ya kivuli ili kupanda chai, menyeni gome kuzunguka shina lote, mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kukata. Njia hii ilielezwa na mtafiti Leach huko Nyasaland, Malawi ya leo, miaka ya 1930. Sababu ni kwamba mti uliomenywa hauwezi tena kushusha chakula mizizini, wanga unaisha, na kuvu wengine wasio na madhara wanaiwahi mizizi kabla ya Armillaria. Ukikata mti ukiwa umeshiba wanga, umeacha ghala wazi. Wengi wanamenya kijuujuu; gome likibaki hata ukanda mwembamba mti unaendelea kuishi na kazi yote imepotea.

---

Kisiki_Kibichi

Shukrani wadau. Nimalizie na jinsi ya kutuma sampuli, kwa wanaohitaji jina la spishi.

Kwa hadubini, kwanza: spora za Armillaria ni laini, hazina rangi, takriban maikromita 7–10 kwa 5–7, na hazigeuki buluu kwenye kimiminika cha Melzer (dawa ya iodini ya kupimia spora). Za Galerina ni za kahawia na zina mikwaruzo. Hapo jenasi inathibitika, spishi bado. Tofauti chache za ndani zinasaidia Ulaya, kama vile A. mellea kukosa vifundo kwenye shina la seli zinazobeba spora wakati ostoyae na gallica wanavyo.

Kwa vinasaba, kipande cha ITS (kinachosomwa sana kutambua kuvu) peke yake hakitenganishi vizuri spishi zilizo karibu. Omba maabara wasome na jeni la EF-1 alfa.

Sampuli bora siyo kofia. Ni kipande cha mbao na gome lake, urefu wa kiganja, kilichokatwa pale utando mweupe unapokutana na gome ambalo bado ni zima, kwa sababu kuvu iliyo hai iko kwenye mpaka huo. Katikati ya mbao iliyooza utapata bakteria na ukungu wa Trichoderma. Kifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo, kisha bahasha ya karatasi. Plastiki ikifungwa kabisa inatoa jasho na sampuli inaoza kabla haijafika. Ikibidi kusubiri, weka kwenye friji ya kawaida kwa siku chache, siyo kwenye barafu. Kama uyoga upo, kausha kofia mbili na miguu yake kwa joto lisilozidi nyuzi 45, mpaka zivunjike mkononi, uzifunge peke yake.

Kwenye lebo andikeni kwa penseli, maana wino wa peni huyeyuka: tarehe, mahali na mwinuko, mti uliokuwa unaliwa, kama mti uko hai au umekufa, uyoga ulitoka mmoja mmoja au kwa fungu, kama pete ilikuwepo ulipouona mbichi, rangi ya chapa, na picha tatu: juu ya kofia, matamvua na pete, na shingo ya mti baada ya kuinua gome.